Kutoka Menengai hadi Kakamega: hakiki ya safari ya nyanjani kwa wanafunzi wa jiolojia

Mwanafunzi wa jiolojia katika chuo chochote cha Kenya hupelekwa nyanjani na idara yake, lakini mara nyingi basi ni moja, wanafunzi ni wengi, siku ni chache, na aliyesimama nyuma ya kundi hurudi bwenini akiwa na picha nyingi kwenye simu bila kipimo hata kimoja alichokichukua kwa mkono wake. Pengo hilo ndilo linalojazwa na huduma ninayoihakiki hapa, ambayo ni safari ya takriban wiki moja inayoandaliwa na wanajiolojia wachache waliofanya kazi ya uchimbaji wa visima vya jotoardhi na ambao makao yao ni Nakuru. Hawana bango barabarani wala hawajitangazi, kwani huwapata wanafunzi kupitia vyama vya jiolojia vya vyuoni, na kwa sababu hiyo nitawaita waandaaji tu. Nilisafiri nao nikiwa mwaka wa tatu. Sasa ninafanya kazi ya utafiti wa maji ya ardhini Kisumu, na ninaweza kusema bila kusita ni kipi katika safari ile kilichonifaa kazini na ni kipi kilichokosekana.

Kinachoitofautisha safari hii na nyingine ni kanuni moja ambayo waandaaji hawailegezi, nayo ni kwamba kila mwanafunzi hufanya uamuzi wake kuhusu mwamba ulio mbele yake na kuuandika kwa kalamu kabla ya mtu yeyote kutaja jibu. Kiongozi wetu, mama ambaye sote tulimwita Mwalimu, alikuwa akirudia kila tulipoteremka garini: "Andikeni mnachokiona kwanza, jina la mwamba litakuja baadaye." Mwanzoni jambo hilo lilituudhi baadhi yetu, kwa kuwa tulikuwa tumezoea kupewa jina la mwamba kisha kutafuta sifa zake kwenye kitabu. Ilipofika siku ya tatu, daftari zilikuwa zimejaa maelezo ya rangi, ukubwa wa chembe, nyufa, mwelekeo na mwinamo wa tabaka, na makosa tuliyokuwa tumeyafanya yalikuwa yetu wenyewe, yakiwa na tarehe na mahali, wala hayakuweza kufutwa kwa kunakili daftari la jirani.

Safari huanzia Menengai, na sioni mahali pafaapo zaidi. Ukingo wa kaldera, yaani shimo kubwa la volkeno iliyoporomoka, uko karibu sana na mji wa Nakuru kiasi kwamba wengi waliokulia pale hupanda kwenda kutazama mandhari bila kujua wamesimama juu ya nini. Kaldera yenyewe ina upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, na ilitokea pale chemba ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyokuwa chini ya volkeno ilipotapika mali yake nyingi kwa mlipuko, paa lake likakosa cha kuliegemea, likaporomoka. Majivu na pumisi, yale mawe mepesi yenye matundu, zilizorushwa wakati huo zimetanda nje ya ukingo, na sakafu ya kaldera imefunikwa na mtiririko wa lava ya trakaiti iliyokuja baadaye, nyeusi na yenye kingo kali ambazo hukata viatu. Waandaaji hawakuridhika na kutuonyesha mandhari hayo kwa kidole. Walitugawa wawili wawili, kila jozi ikapewa ramani ya msingi, dira na kifaa cha kupimia mahali, kisha ikatakiwa ichore mpaka kati ya mitiririko miwili ya lava kwa kutumia dalili za umri tu, yaani ipi imeilalia nyingine, ipi ina uoto mwingi zaidi, na ipi uso wake umeliwa na hali ya hewa. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na jozi mbili zilipogombana kuhusu mpaka, Mwalimu alizipeleka mahali penyewe zikamalize ubishi zikiwa na nyundo na lenzi.

Kutoka ukingoni unaona mitambo ya mvuke iliyo chini. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima vya Menengai mwaka wa 2011, na mpango uliowekwa ni kwamba serikali ichukue hatari ya kuchimba, kisha kampuni binafsi zijenge mitambo mitatu ya megawati 35 kila mmoja na kununua mvuke huo. Kwa mwanafunzi, maelezo hayo ni muhimu kuliko yanavyoonekana, kwa sababu yanaeleza kwa nini mwanajiolojia huajiriwa kwa wingi katika hatua fulani ya mradi, kisha nafasi zikapungua mitambo inapoanza kufanya kazi. Waandaaji walilieleza hilo waziwazi, wala hawakutuahidi kwamba kila kisima kitatupatia ajira.

Siku ya Olkaria ndiyo iliyonifunza mengi zaidi kuhusu kazi ya kila siku ya jotoardhi. Wengi wanajua kwamba mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981, na kwamba leo jotoardhi ni chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wa Kenya. Wachache wanajua mwanajiolojia hufanya nini usiku wa manane mtambo wa kuchimba unapozunguka. Mmoja wa waandaaji alikuja na visanduku vya chembechembe za mwamba zilizopandishwa kutoka kwenye kisima, zikiwa zimepangwa kwa kina, akatutaka tutafute kwa lenzi mahali ambapo madini ya epidoti, yenye rangi ya kijani kibichi kinachoelekea manjano, yanaanza kuonekana. Epidoti hutokea pale joto linapokaribia au kupita nyuzi 240 za Selsiasi, na kwa hiyo kina inachoanzia ni mojawapo ya dalili zinazomsaidia mwanajiolojia wa kisimani kuwaambia wahandisi mahali pa kuishiliza bomba la chuma linalokinga kuta za kisima. Bomba likiishia juu mno, maji baridi ya tabaka za juu huingia na kupoza kisima. Likishuka kupita kiasi, sehemu ya mvuke iliyogharimu fedha nyingi kuifikia huzibwa. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesoma kuhusu mageuzi ya madini kwa mihula miwili bila kujua kwamba kuna mtu ambaye mshahara wake unategemea kuyatambua kwa usahihi kwenye chembe isiyozidi punje ya mchele.

Mbuga ya Hell's Gate iko jirani na Olkaria, na safari nyingi za vyuo hupitia pale kwa ajili ya mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower na kuta za miamba zilizopasuka kwa nguzo. Waandaaji walituonyesha hayo, pamoja na obsidiani, ambayo ni lava iliyopoa haraka mno hata ikashindwa kuunda fuwele, lakini hawakutuingiza ndani ya korongo, kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda upande wa juu. Baadhi ya wanafunzi walinung'unika. Mimi nawapongeza kwa msimamo huo. Korongo lile ni jembamba, maji hushuka kutoka mbali ambako aliye chini haoni mvua ikinyesha, na mnamo Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba waliokuwa matembezini humo. Mwandaaji wa safari za nyanjani anayekubali kubadilisha ratiba kwa sababu ya wingu anastahili kuaminiwa na wazazi.

Kariandusi, karibu na Gilgil, huchukuliwa na wengi kuwa mahali pa wanafunzi wa historia. Kikundi cha Louis Leakey kiligundua mashoka ya mkono ya mawe pale mwaka wa 1928, na mengine yamechongwa kwa obsidiani, bado yana makali. Waandaaji waliyapa mashoka hayo muda mfupi, kisha wakatupeleka kwenye ukuta mweupe wa diatomaiti, mwamba mwepesi uliofanyizwa na maganda ya viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa macho. Hapo tulipima ukuta tabaka kwa tabaka, tukachora safu yake kwa mizani, tukiandika kila mahali majivu ya volkeno yalipokatiza weupe. Hitimisho lilijitokeza lenyewe kwenye karatasi: mahali penye vumbi na mikakaya palikuwa ziwa, ziwa hilo liliishi muda mrefu, na volkeno zilizolizunguka hazikunyamaza. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mazungumzo yaliendelea hadi matumizi ya mwamba huo katika kuchuja vinywaji na kutengeneza rangi, na jinsi mwanajiolojia wa machimbo anavyokadiria kiasi kilichobaki. Kwa mara ya kwanza mwenzangu mmoja alimuuliza Mwalimu jinsi mtu anavyoomba atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, katika machimbo, kwa kuwa sote tulidhani atachimenti ni Olkaria tu.

Bogoria ilipitishwa kwa haraka, na hasara yake si kubwa. Tulipima joto na uchachu wa maji ya chemchemi zinazochemka, tukaelezwa jinsi kiasi cha silika kilichoyeyuka kwenye maji kinavyotumiwa kukadiria joto la mwamba ulio chini, tukaona jinsi kupanda kwa ziwa katika miaka ya karibuni kulivyofunika baadhi ya chemchemi zilizokuwa zikiruka ufuoni. Jambo ambalo lingefaa kukaziwa pale ni kwamba vipimo vya chemchemi vilivyochukuliwa kabla ziwa halijapanda sasa vimekuwa kumbukumbu zisizoweza kurudiwa, na kwamba mwanafunzi anayetunza daftari lake vizuri huenda akawa anaitunzia nchi takwimu. Halikukaziwa.

Baada ya hapo gari lilielekea magharibi, na hapa hakiki yangu inabadilika.

Barabara ya kushuka kutoka Londiani kupitia Fort Ternan hadi Koru na Muhoroni ni darasa lenyewe, kwani upande mmoja una volkeno ya kale ya Tinderet, na mbele yake bonde linafunguka kuelekea Ghuba ya Winam kwa sababu tawi moja la Bonde la Ufa limegeukia magharibi hadi Ziwa Viktoria. Pale Koru tulisimama kwenye mwamba mweupe wa chokaa, tukaumwagia matone ya asidi, ukatoa povu kama ilivyotarajiwa, kisha tukaulizwa kama ulitokana na bahari. Wengi tulijibu ndiyo. Mwamba ule ni kabonataiti, aina adimu ya mwamba wa moto iliyojaa kaboneti, na mfano wa lava yake hai upo Tanzania kwenye Oldoinyo Lengai, volkeno pekee duniani inayotapika kabonataiti wakati huu. Swali lile lilikuwa zuri sana, na lilistahili nusu siku ya kuchunguza madini yanayoandamana na mwamba huo, ambayo ni pamoja na yale ambayo viwanda vya elektroniki vinayatafuta kila pembe ya dunia. Tulipewa chini ya saa moja, kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa kimeagizwa Ahero.

Kit Mikayi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, ilishughulikiwa kwa adabu iliyonigusa. Ni mrundo wa mawe makubwa ya granaiti uliotokana na mwamba mmoja kupasuka kwa mistari inayokatana, kisha maji na joto vikala nyufa hizo kwa muda mrefu hadi yakabaki mawe yaliyoegemeana. Wenyeji huendea pale kusali na kufunga. Kabla hatujashuka, nyundo zote zilikusanywa na kuwekwa garini, tukaelezwa kwamba hakuna sampuli itakayochukuliwa, na kwamba atakayetaka kupima mwelekeo wa nyufa atawaomba ruhusa wanaolitunza eneo hilo. Mzee aliyetupokea alituuliza tulikotoka, akatueleza hadithi ya mahali pale kwa Kiswahili chenye lahani ya Seme, naye Mwalimu akamsikiliza hadi mwisho akimwita Mzee na kushukuru kabla ya kueleza chochote cha sayansi. Nimekutana na wanajiolojia wenye shahada mbili ambao hawajui kuingia katika boma la mtu, na kazi yao imekwama kwa sababu hiyo.

Kakamega ndiko somo hilo lilikohitajika zaidi. Miamba ya huko ni ya kale mno ukilinganisha na ile ya Menengai: lava na mashapo yaliyobadilishwa na joto na mgandamizo zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, yakiwa na mishipa ya kwazi inayobeba dhahabu. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka wa 1931, watafutaji walimiminika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi za Waafrika ili machimbo yaweze kutwaliwa bila wenyeji kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman uliendelea hadi mwaka wa 1952. Hadi leo, mtu mwenye nyundo na ramani akitokea shambani, anatazamwa kwa macho ya kizazi kilichosimuliwa hayo na mababu. Waandaaji waligusia historia hiyo kwa sentensi mbili tu, nami naona ingefaa kuwa mwanzo wa siku nzima, kwa kuwa mwanafunzi atakayeajiriwa na kampuni ya utafutaji madini atakutana nayo mlangoni kwa kila mwenye shamba.

Tulitembelea mahali ambapo wachimbaji wadogo husaga mawe na kuosha dhahabu. Mama mmoja alituonyesha jinsi anavyozungusha karai hadi mchanga mzito ubaki chini, akatujibu maswali yote kwa subira. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inawatambua wachimbaji wa aina yake na kuwawekea utaratibu wa vibali, na hiyo ni nafasi ya kazi kwa mwanajiolojia kijana anayeweza kuwasaidia kusoma mshipa, kuimarisha shimo na kuacha kunasa dhahabu kwa zebaki, ambayo mvuke wake humdhuru anayeichoma na watoto walio karibu. Tuliyaona hayo yote kwa saa chache za alasiri. Isitoshe, kofia ngumu hazikututosha sote, na wale waliokosa walibaki mbali na vinywa vya mashimo. Uamuzi wa kuwabakiza ulikuwa sahihi, ila anayetoza ada ya safari inayofika machimboni hana budi kuwa na kofia ya kila aliyelipa.

Kwa jumla, upande wa magharibi ulipewa siku mbili za haraka, huku ule wa Nakuru ukipewa muda wa kutosha, na mgawanyo huo unafuata uzoefu wa waandaaji badala ya utajiri wa miamba. Mwanafunzi wa Maseno au wa chuo kingine cha upande huu anayejiunga na safari hii akitarajia kuelewa miamba ya kwao atarudi akiifahamu Menengai kuliko Kakamega.

Sehemu ya pili ya huduma ni ile ya kazi, na ndiyo inayowavuta wanafunzi wengi. Kila jioni baada ya chakula kulikuwa na mazungumzo ya saa moja na mtu anayefanya kazi katika fani. Wageni walikuwa wakarimu na wakweli. Walitueleza kwamba barua ya kuomba atachimenti inapaswa kufika mapema kabla muhula haujaisha, iwe na bima na barua ya chuo, na itaje ujuzi mahususi badala ya sifa za jumla. Walitueleza kuhusu mafunzo ya jotoardhi ya Iceland, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na ambayo tangu mwaka wa 2020 yako chini ya UNESCO, na kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka watu wengi zaidi huko, ingawa nafasi hizo hupewa wale ambao tayari wameajiriwa katika taasisi za nishati, jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui wanapoota kwenda moja kwa moja kutoka darasani. Walitueleza vilevile kuhusu Sheria ya Usajili wa Wanajiolojia ya mwaka wa 1993, na kwa nini mhitimu anapaswa kuanza kutunza kumbukumbu za kazi zake tangu siku ya kwanza ili zimfae atakapoomba usajili.

Hata hivyo, kila mgeni alikuwa mtu wa jotoardhi. Hapo ndipo ninapowalaumu waandaaji, na ninasema hivyo kwa uzito kwa sababu nimeona matokeo yake kwa wenzangu, ambao walihitimu wakisubiri tangazo la kampuni moja au mbili, miaka ikapita, wengine wakaacha fani kabisa. Katika Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, kazi ya mwanajiolojia iliyo karibu na inayolipa mapema ni ya maji. Mtu anayetaka kuchimba kisima anahitaji ripoti ya utafiti wa maji ya ardhini kabla ya kupewa kibali na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ripoti hiyo huandaliwa na mtu aliyesomea jambo hilo, akapima ukinzani wa umeme wa tabaka za ardhi, akasoma visima vya jirani, akasema wapi pachimbwe na kwa kina gani. Shule, makanisa, hospitali na wenye mashamba wanaihitaji kazi hiyo kila mwezi.

Tena, hapo Nakuru penyewe kuna somo ambalo halikutajwa kabisa. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkeno, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na athari yake tunaiona kwenye meno ya kahawia ya watu tuliokua nao. Nakuru hiyo hiyo imekuwa na juhudi, zilizoanzishwa na Dayosisi ya Kikatoliki, za kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Wanafunzi walipelekwa kuona mwamba wa trakaiti asubuhi, wakalala usiku katika mji ambao mwamba huohuo unaathiri maji ya kunywa, na hakuna aliyewaunganishia mambo hayo mawili. Vilevile, mashimo na nyufa za ardhi zinazojitokeza katika mitaa ya Nakuru mvua zikizidi, na ule ufa mkubwa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok mwezi wa Machi 2018, ukazua ubishi kama ulitokana na maji yaliyoosha majivu laini ya volkeno au na mwendo wa ardhi yenyewe, ni mlango wa kazi ya jiolojia ya ujenzi. Mhandisi wa barabara na mwenye nyumba za kupangisha wote wanahitaji mtu wa kuwaambia kilicho chini ya msingi.

Nilipomwandikia Mwalimu kuhusu jambo hili baada ya kuhitimu, alinijibu kwa unyenyekevu kwamba wao hualika watu wanaowafahamu, na akaniomba niwapendekezee wengine. Tangu wakati huo, kwa mujibu wa wanafunzi walionifuata, jioni moja imetengwa kwa ajili ya maji. Ni hatua, ingawa bado nahesabu jioni moja dhidi ya nyingine zote.

Ripoti ndiyo matunda ya safari yanayobaki. Kila mwanafunzi huandika ripoti yenye ramani aliyoichora, safu ya Kariandusi aliyoipima na maelezo ya mwamba mmoja alioupenda, kisha huiandaa ramani hiyo kwa QGIS, programu huria ya kuchora ramani kwa kompyuta, ambayo waandaaji huifundisha kwa saa chache. Ripoti yangu ilirudishwa ikiwa na maandishi mekundu kila ukurasa, pamoja na swali moja lililonifanya nirudie ramani nzima: mpaka huu umeuona au umeukisia? Tangu hapo mistari yangu ya kukisia huwa ya nukta, na mwajiri wangu wa kwanza aliniambia ndicho alichokitazama alipoisoma. Tatizo ni kwamba ripoti hizo hurudi baada ya miezi miwili au zaidi, wakati ambapo maombi ya atachimenti yamekwisha kufungwa. Waandaaji wangepunguza idadi ya wanafunzi kwa kila safari, au waongeze msahihishaji mmoja, huduma yao ingepanda daraja.

Kuhusu ada, inakaribia kodi ya miezi miwili ya chumba cha mwanafunzi Nakuru, ikijumuisha usafiri, malazi ya kawaida, chakula cha mchana na cha jioni, na viingilio vya mbuga. Si ndogo kwa anayetegemea mkopo wa serikali, lakini ukihesabu kwamba vifaa vyote hutolewa, kuanzia dira hadi asidi, naiona ni ya haki. Kwa wasichana, nitasema wazi kwamba vituo vya kusimama vilipangwa kwa kuzingatia vyoo na vyumba vya kulala vilikuwa na kufuli zinazofanya kazi. Safari nyingi za vyuo hazifikirii hayo, na kuna wanafunzi hodari wanaobaki nyumbani kwa sababu hiyo pekee.

Anayetaka kwenda achague Januari au Februari, wakati ardhi ni kavu na miamba haijafunikwa na nyasi, wala asikubali safari ya Aprili hata ikipunguzwa bei, kwa kuwa mvua za masika huifanya barabara ya sakafu ya Menengai kuwa tope. Kabla ya kulipa, aulize ripoti itarudishwa tarehe gani, na aombe jibu hilo kwa maandishi.